Akiba ya nyanya haiozi

KUNA fikira moja iliyoingia vichwani mwa wengi wetu, hasa sisi wakazi wa mijini, kwamba sosi ya nyanya ya Kiitaliano ni chakula cha hoteli kubwa. Twadhani ni kitu cha watalii, ama kitu kitokacho ndani ya kopo lililobandikwa picha ya mlima na maandishi tusiyoweza kuyasoma.

Mtu aweza kuwa na miche ya nyanya nyuma ya nyumba yake. Zitaiva, zitaanguka, zitadonolewa na kuku, naye atapanda matatu kwenda mjini kununua kopo la nyanya zilizosagwa ng'ambo. Ukimwuliza sababu, atakujibu kwamba hiyo ya kopo ndiyo yenyewe hasa.

Leo nataka kuipinga fikira hiyo. Sina nia ya kuwaambia wasomaji waache ugali wao na sukuma wiki, au wali wao wa nazi, wafuate vya wageni. La hasha! Ninalotaka kusema ni kwamba sosi hiyo, ukiichungua asili yake na namna inavyopikwa, utaona kuwa ni kazi ya watu wa kawaida, wengi wao maskini, waliochukua tunda geni wakalifanya lao, kisha wakatafuta njia ya kulila mwaka mzima. Nasi tulio na nyanya tele, na tunaoziacha zikaoza kila msimu wa wingi, tuna la kujifunza hapo.

Tunda lililohofiwa

Jambo la kwanza linalofaa kujulikana ni kwamba nyanya si mali ya asili ya Italia, kama vile si mali ya asili ya Kenya. Kwao ni Amerika. Mimea yake ya mwituni yatoka upande wa magharibi wa Amerika ya Kusini, na walioilima kwa ustadi ni wenyeji wa Mexico, ambao waliita tunda lake "tomatl". Wahispania walipoiteka nchi hiyo katika karne ya 16, walizichukua mbegu wakazivusha bahari.

Italia iliipokea nyanya kwa mashaka. Mwaka wa 1548 kikapu cha nyanya kilipelekwa kwa mtawala wa Toscana, Cosimo de' Medici, na habari hiyo ikaandikwa kama ajabu. Tabibu mmoja aliyeitwa Pietro Andrea Mattioli alikuwa amekwisha kulitaja tunda hilo katika kitabu chake cha mimea mwaka wa 1544. Katika chapa ya mwaka wa 1554 alilipa jina la matofaa ya dhahabu, na ndilo jina ambalo Waitaliano wanalitumia hadi leo, yaani "pomodoro".

Kwa muda mrefu wengi waliipanda kama pambo la bustani. Walichelea kuila kwa sababu yafanana na mimea mingine ya jamii yake ambayo kweli ina sumu.

Ilipita miaka mingi kabla ya sosi ya nyanya kutokea katika kitabu cha mapishi. Antonio Latini, aliyekuwa msimamizi wa karamu za wakubwa mjini Naples, aliiandika katika kitabu chake kilichochapwa mjini humo katika miaka ya 1690. Hata yeye hakuiita sosi ya Kiitaliano, bali sosi ya mtindo wa Kihispania. Nyanya zilichomwa juu ya makaa, zikamenywa, zikakatwakatwa pamoja na kitunguu na pilipili, kisha zikatiwa chumvi, mafuta na siki. Hebu msomaji itafakari orodha hiyo. Ukiondoa makaa na mafuta, je, hiyo si jirani ya karibu ya kachumbari yetu?

Nyanya na tambi nazo hazikuzaliwa pamoja. Zamani Waitaliano walizila tambi zao kwa jibini, na katika meza za matajiri zilinyunyiziwa sukari na mdalasini. Watu wa pwani yetu wanaopika tambi kwa sukari na iliki hawatashangaa kusikia hivyo. Ni katika karne ya 19 ndipo tambi kwa nyanya zilipokuwa chakula cha nyumbani huko Naples, na Ippolito Cavalcanti akaziandika kitabuni mwaka wa 1839, tena kwa lahaja ya watu wa mji huo.

Nayasema haya kwa kuwa wapo wenzetu wanaodhani kwamba utamaduni ni kitu kilichoshuka kikamilifu kutoka kwa mababu, nasi kazi yetu ni kukilinda kisiguswe. Mahindi pia yalitoka Amerika. Ni nani leo atakayethubutu kumwambia Mkenya kwamba ugali si wake? Chakula huwa cha watu pale wanapokifanyia kazi, wakakipa majina ya lugha yao, na wakawafundisha watoto wao namna ya kukipika.

Siku ya chupa

Kusini mwa Italia, chini ya mlima wa volkano uitwao Vesuvius, kuna mji wa San Marzano sul Sarno. Udongo wake una majivu ya mlima huo, nao huzaa nyanya ndefu, nyembamba, zenye nyama nyingi, mbegu chache na maji kidogo. Tangu mwaka wa 1996 jina la nyanya hizo linalindwa kwa sheria za Ulaya, ili mkulima wa kwingine asije akalitumia kuuzia mazao yake.

Katika mwezi wa Agosti, jua linapokuwa kali, nyanya za huko huiva zote kwa mpigo. Hapo mkulima wa Italia hukabiliwa na taabu ile ile inayomkabili mkulima wa Mwea au Loitokitok. Jana hakukuwa na kitu, leo kuna mlima mzima, na baada ya siku chache kutakuwa na uvundo.

Waitaliano hawakulijibu jambo hilo kwa kulalamika. Waliweka siku ya kazi. Babu, wajomba, shangazi na watoto hukutana uani mapema asubuhi, na juu yao wote yuko nyanya. Namaanisha mama mzaa mama, wala si tunda. Yeye ndiye hakimu wa siku hiyo. Ndiye asemaye zipi zimeiva na zipi zingoje, na hakuna mwenye shahada ya chuo kikuu anayebishana naye.

Nyanya huoshwa, zikakatwa, zikachemshwa kidogo mpaka zikalegea, kisha zikapitishwa katika kinu kidogo cha mkono chenye chujio. Maganda na mbegu hutokea upande mmoja, na uji mwekundu hutokea upande wa pili. Uji huo huitwa "passata". Watoto hutia jani la rehani katika kila chupa, wakubwa hujaza na kufunika. Kisha chupa hupangwa ndani ya pipa kubwa la chuma, zikitenganishwa kwa matambara makuukuu ili zisigongane zikavunjika. Pipa hujazwa maji na moto huwashwa chini yake. Baada ya kuchemka vya kutosha, moto huzimwa na chupa huachwa humo humo mpaka maji yapoe, aghalabu mpaka asubuhi.

Miezi ya baridi inapofika, na shamba likawa halina hata jani, mama hufungua chupa moja na jikoni hunukia Agosti. Hiyo ndiyo siri yenyewe ya sosi ya Kiitaliano. Mapishi yake ni mepesi mno, kama nitakavyoeleza. Kazi kubwa ni hiyo ya akiba, na tena ni kazi ya jamaa nzima, wanaume kwa wanawake.

Mwandishi mashuhuri wa michezo ya kuigiza wa Naples, Eduardo De Filippo, aliutoa mwaka wa 1959 mchezo uitwao "Sabato, domenica e lunedì". Humo mama wa nyumba aanza Jumamosi kutayarisha sosi ya nyama na nyanya itakayoliwa Jumapili, na ugomvi wa jamaa watokota pamoja na chungu. Taifa linapoiweka sufuria jukwaani, ujue kwamba limeiona kuwa ni sehemu ya maisha yake.

Jasho ndani ya kopo

Sitaki msomaji adhani kwamba Waitaliano wote hukaa uani wakijaza chupa. Italia ni mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani kwa viwanda vya nyanya, na kazi ya kutia vyakula katika makopo ilianzishwa zamani na watu kama Francesco Cirio, aliyeanza mjini Turin mwaka wa 1856. Kopo si haramu. Limewalisha watu wengi, na hata mimi hulinunua pale inapobidi.

Lakini yafaa mnunuzi ajue kilichomo. Katika mashamba makubwa ya mkoa wa Puglia, wanaochuma nyanya ni wahamiaji, na wengi wao ni Waafrika wenzetu kutoka Ghana, Senegal, Mali na kwingineko. Baadhi yao hulala katika vibanda vya maboksi na mabati, na hulipwa kwa hesabu ya kasha badala ya saa. Katikati yao na mwenye shamba husimama nyapara ambaye hukata fungu lake.

Mwaka wa 2011, mjini Nardò, vibarua hao waligoma, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Yvan Sagnet, mwanafunzi kutoka Kamerun. Mwaka wa 2016 Italia ilitunga sheria kali zaidi dhidi ya manyapara hao na waajiri wanaowatumia. Hata hivyo, mnamo Agosti 2018, wachumaji 16 walikufa katika ajali mbili za barabarani karibu na mji wa Foggia, katika muda wa siku tatu, wakirudishwa kutoka mashambani.

Upande wa pili wa habari hii uko Ghana kwenyewe. Huko wakulima wamelalamika kwa miaka mingi kwamba nyanya za makopo kutoka ng'ambo, zikiwemo za Italia, zimewanyang'anya soko. Basi kijana wa Ghana aweza kuiacha nyanya yake isiyo na mnunuzi, akavuka jangwa na bahari, akaenda kuchuma nyanya ya mtu mwingine, nayo ikatiwa koponi ikarudi kuuzwa kijijini kwao. Nashindwa kuuita huo ustaarabu.

Wala tusijidanganye kwamba balaa hilo haliwezi kufika kwetu. Maduka yetu tayari yana makopo na vipakiti vya nyanya za ng'ambo. Na kila msimu wa wingi, mkulima wetu huchukua bei yoyote anayotupiwa na dalali, ama huzimwaga.

Waitaliano wa kwetu

Sosi hii si ngeni kabisa hapa nchini. Tangu Waitaliano walipojenga kituo chao cha kurushia setilaiti, San Marco, huko Ngomeni katika miaka ya 1960, wengi wao wamehamia Malindi na kufungua mikahawa. Vijana wa Malindi na vitongoji vyake wamejifunza lugha yao na mapishi yao, na leo wapo wapishi wenyeji ambao sosi yao haiwezi kutofautishwa na ile ya Naples.

Ukija Nairobi, nenda Eastleigh. Katika mikahawa ya Wasomali utaletewa "baasto" kwa "suugo", na pengine ndizi mbivu pembeni. Maneno yote mawili ni ya Kiitaliano, pasta na sugo, yaliyobaki tangu Italia ilipoitawala sehemu ya kusini ya Somalia. Lakini onja uone. Wasomali wametia bizari zao na nyama ya mbuzi, na mpaka leo hakuna Mtaliano atakayeidai. Mkoloni alikwenda zake, sosi ikabaki, ikasilimu.

Hapo ndipo ninapopata moyo. Ikiwa Waitaliano walilichukua tunda la Mexico na sosi ya Wahispania, nao Wasomali wakaichukua ya Waitaliano, ni kipi kinachotuzuia sisi kuijua kazi hii na kuifanya yetu?

Namna ya kupika

Sasa tuingie jikoni. Nitaeleza sosi ya watu sita, jinsi niipikavyo mwenyewe.

Chukua kilo mbili za nyanya zilizoiva sawasawa. Zile ndefu zenye nyama nyingi, kama Roma, Cal J au Rio Grande, ambazo hulimwa sana hapa kwetu, ndizo zifaazo zaidi. Zile za mviringo zenye maji nazo zafaa, ila zitachelewa kukauka.

Tazama wekundu na ulaini wake, usitazame sura. Siku moja katika soko la Kongowea, mama mmoja mwuzaji alinionea huruma. "Mwanangu, hizo usichukue, zimelegea. Shika hizi ngumu, zitakukalia wiki nzima." Nikamwambia, "Mama, hizo hizo zilizolegea ndizo nizitakazo. Nazipika zote leo." Akacheka akaniuliza kama nilikuwa na arusi. Aliniuzia kwa bei nafuu, kwani alijua kwamba kesho yake zingekuwa za kutupwa. Nyanya ambayo mteja mwingine huikataa kwa kuwa imeiva mno, maadamu haijaoza wala haijaota ukungu, ndiyo iliyo tamu kuliko zote chunguni.

Zioshe, kisha zikate chale ya msalaba upande wa chini. Zitumbukize katika maji yanayochemka kwa muda wa nusu dakika hadi dakika moja, kisha zihamishie katika maji baridi. Ganda litatoka lenyewe. Zipasue, ondoa kikonyo na mbegu zilizozidi, halafu ziponde kwa mkono au kwa mwiko. Wanaopenda sosi laini huzipitisha katika chujio. Mashine ya blenda sipendi kuitumia kwa kazi hii, kwa kuwa hupasua mbegu na kutia hewa nyingi, hata sosi ikawa na rangi ya chungwa badala ya nyekundu.

Teleka sufuria pana. Ya chuma cha pua ni bora, au chungu, maana ukali wa nyanya ukikaa sana katika sufuria ya alumini isiyo na ngozi huchukua ladha ya madini. Tia vijiko vinne vikubwa vya mafuta ya zeituni. Ikiwa hayapatikani au bei yake inatisha, mafuta ya alizeti hayataharibu kitu, ila harufu itapungua. Kaanga punje tatu za kitunguu saumu kwa moto mdogo mpaka zianze kubadilika rangi, wala zisiwe kahawia, kwani zitakuwa chungu. Ukipenda, tumia kitunguu maji kimoja badala yake. Wapishi wengi wa Naples huchagua kimoja, hawachanganyi vyote viwili.

Sasa mimina nyanya zako na chumvi ya kiasi. Usifunike, kwa sababu twataka maji yaondoke. Zikishachemka, punguza moto ziwe zinatokota tu, na ukoroge mara kwa mara zisishike chini. Watu wa Naples wana neno lao, "pippiare", linaloiga sauti ya mapovu yanayopasuka moja moja polepole. Sisi tuna neno letu tokota, na kwa maoni yangu halina upungufu wowote.

Baada ya dakika 30 hadi 45 utaona mafuta yakijitenga pembeni na sosi ikiacha njia nyuma ya mwiko. Imekuwa tayari. Hapo, na si kabla, tia majani machache ya rehani yaliyochanwa kwa mkono, na uepue.

Nalisisitiza hilo jani. Wanawake wa pwani waujua mrehani vizuri kuliko Mtaliano yeyote, kwani wameutia katika vikuba pamoja na asmini kwa vizazi na vizazi. Sisi tumelivaa jani hilo, wenzetu wamelila. Ukiupanda mmoja katika debe mlangoni, utapata manukato na kitoweo kwa pamoja.

Angalia sasa kile ambacho hakimo. Hamna unga wa kukolezea, hamna rangi, hamna vidonge vya mchuzi, wala sukari, isipokuwa nyanya zako zilikuwa chachu sana. Katika mapishi yetu ya kila siku tumezoea kuitumia nyanya kama mtumishi wa nyama au wa mboga. Hapa yeye ndiye mwenye nyumba, na wengine wote wamekuja kumtumikia. Ndiyo maana mpishi hawezi kuficha nyanya mbovu katika sosi hii. Na mwenye pupa hadiriki kula tamu, kwa hiyo anayetaka kuipika kwa dakika kumi afadhali apike kitu kingine.

Sosi hii si ya tambi peke yake. Niliwahi kuila kwa ugali na samaki wa kukaanga, na kwa maharagwe, na sikuona chakula kikilalamika.

Namna ya kuweka

Anayetaka kuweka akiba lazima awe mwangalifu. Nyanya ina ukali, lakini si kila nyanya ina ukali wa kutosha kuzuia vijidudu. Kuna bakteria wanaoweza kuzaa sumu ya kuua ndani ya chupa iliyofungwa, na sumu hiyo pengine haina harufu wala ladha. Kwa hiyo katika kila chupa ya nusu lita tia kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau, yale yanayouzwa katika chupa, kwa kuwa ukali wake haubadilikibadiliki kama wa malimau ya sokoni.

Weka nyanya tupu zilizosagwa na kuchemshwa. Mafuta, vitunguu na nyama vitiwe siku ya kupika, kwani vikiingia chupani huleta hatari. Tumia chupa safi za kioo nene zenye mdomo mpana na vifuniko vipya vinavyokaza barabara. Jaza nyanya zingali moto, uache nafasi ya upana wa kidole juu, funga, kisha uzamishe chupa kabisa katika maji yanayochemka.

Muda wategemea mahali unapoishi. Chupa ya nusu lita yahitaji dakika 35 kwa mkazi wa Mombasa au Malindi. Nairobi, iliyo juu sana kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye kiasi cha digrii 94 tu badala ya 100, na kwa hiyo yahitajika dakika 45. Wakazi wa nyanda za juu zaidi, kama Nyahururu na Limuru, wahesabu dakika 50. Chupa yoyote ambayo baadaye kifuniko chake kitavimba, au itakayotoa povu au harufu mbaya, itupwe bila kuonjwa. Aliye na friji ya kugandisha aweza kuepuka taabu yote hii kwa kuzigandisha tu nyanya zake katika vibakuli.

Heshima ya jikoni

Nimesema mengi kuhusu chupa na vijiko, lakini msomaji mwerevu ameona kwamba nazungumza juu ya heshima. Tumerithi kasumba inayotufanya tukione kilichofungwa kwa bati kuwa ni cha kiungwana, na kilichopondwa kwa mkono wa mama kuwa ni cha kishamba. Waitaliano hao hao tunaowaigiza katika mikahawa, wakitaka kumsifu mtu kwa sosi yake, humwambia kwamba ni kama ya nyanya yake mzaa mama. Hawamwambii kwamba ni kama ya kopo.

Zaidi ya hayo, iko hesabu ya fedha. Vikundi vya akina mama vilivyoenea nchini vimeonyesha kwamba vyaweza kuchanga, kujenga na kukopeshana. Vikundi hivyo vikitenga siku moja katika kila msimu wa wingi, vikanunua nyanya za majirani zinapokuwa rahisi, vikaziweka pamoja, kila nyumba itapata chupa zake za miezi ya uhaba, na mkulima naye atapata mnunuzi siku ambayo dalali amemkimbia. Watakaotaka kwenda mbele zaidi wakauza, sharti wafuate kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, na serikali za kaunti zaweza kuwasaidia kwa mafunzo na vyombo. Kina baba nao wasikae pembeni. Pipa la maji ni zito, na moto wa kuni wataka mtu wa kuukalia.

Sidai kwamba chupa za nyanya zitamaliza umaskini wa mkulima. Lakini nadai kwamba taifa linalozitazama nyanya zake zikioza huku likinunua za wengine limepungukiwa na kitu kisichonunuliwa dukani. Wazee wetu walisema akiba haiozi. Walikuwa wakizungumza juu ya watu wanaoweka. Msimu ujao wa wingi, nyanya zitakapojaa sokoni tena na mama mwuzaji akakusihi umwondolee zile zilizolegea, usimpite. Chukua kikapu kizima.